Mama Shii na Ukuta wa Kioo

Kwa miaka ishirini na sita kazi ya Mama Shii ilikuwa kunyamazisha watu. Barua yake ya ajira ilisema tu "mhudumu wa maktaba", lakini waulize waliosoma chuo kile, watakwambia. Ukimnong'oneza jirani yako kule chini kwenye ukumbi wa kusomea, kabla hujamaliza sentensi unasikia nyuma ya shingo yako, "Shiii!" Ukigeuka, humwoni mtu. Ameshapita na viatu vyake vya raba, anamtafuta mwingine. Hata Mkutubi Mkuu wa sasa, mwanamke mwenye shahada zake tatu na ofisi yenye zulia, aliwahi kutolewa nje na Mama Shii alipokuwa mwaka wa kwanza, kwa kosa la kutafuna biskuti kwa sauti.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Mumewe alifanya kazi kiwandani miaka thelathini, kando ya mashine za kusokota nyuzi, na mashine zile zikaondoka na masikio yake. Kwa hiyo Mama Shii akishafika na kuvua viatu, ndipo anapofungulia sauti. "Chai tayari!" anaita kutoka jikoni, na nyumba ya tatu wanajua kuwa kwa akina Mama Shii chai iko tayari. Jirani mmoja alikuwa akimtania kwamba chuo kinamlipa anyamaze mchana kutwa ili jioni aje awamalizie wao. Mama Shii alicheka, lakini hakupunguza sauti, maana angepunguza asingesikika.

Basi ilipobaki miaka mitatu astaafu, Mkutubi Mkuu akamwita ofisini.

"Mama, shikamoo. Kaa kwanza. Kile chumba cha majarida ya zamani, ghorofa ya pili, tunakibadilisha."

"Marahaba. Kinakuwa nini?"

"Mahali pa watafiti kufanya kazi pamoja. Mtu wa historia, mtu wa kompyuta, mtu wa ramani, wote meza moja. Tunaweka skrini, mashine za kuskani, na ukuta mmoja tunaujenga wa kioo, waandike mawazo yao. Nataka wewe ukisimamie."

"Na watakuwa wanaongea?"

"Ndiyo shabaha yenyewe, Mama. Waongee."

Mama Shii alitoka pale kama mtu aliyeambiwa ahamie nyumba ya mke mwenza. Alipofika nyumbani akamsimulia mumewe kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Mumewe akafikiri, akasema labda Mkutubi Mkuu bado anadai biskuti zake.

Chumba kikafunguliwa. Kilikuwa na meza zenye magurudumu, viti vya rangi nne, skrini mbili pana ukutani, na ule ukuta wa kioo kutoka sakafuni hadi darini. Watu waliandika juu yake kwa kalamu za rangi kisha wakafuta kwa kitambaa. Mama Shii alikiita Sokoni. Alisema hivyo kwa kukidharau, lakini wanafunzi walilipenda jina, wakaanza kuagana, "Tukutane Sokoni saa nne." Naye akawa anakaa mezani kwake karibu na mlango, amebana midomo, anawaazima watu nyaya na kuwaonyesha jinsi ya kulaza kitabu kwenye mashine bila kukivunja mgongo. Kelele zikizidi alifunga macho kidogo. Mara mbili tatu "shiii" ilimponyoka, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Jambo moja tu hakulegeza. Mkutubi wa kwanza aliyemfundisha kazi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akimwambia, "Ukifunga mlango, chumba kiwe kama hakuna aliyeingia." Mama Shii aliishika kauli hiyo kama amana. Kila jioni alirudisha meza kwenye mistari, akapanga viti kwa rangi, akafunika mashine, akafuta kioo mpaka kikang'aa. Wenye kazi zao walijua: ukitaka kitu chako kibaki, kinakili au kipige picha kabla ya saa kumi na moja.

Katika watu wa Sokoni, mmoja alimwingia moyoni bila ruhusa. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, anasomea udaktari wa historia mwaka wa tano, na wenzake walimwita Dokta Mtarajiwa. Alikuwa na sanduku la picha. Mpiga picha mmoja wa mjini, mwenye studio ya zamani karibu na kituo cha mabasi, alipofariki, mjane wake alilileta sanduku lile maktaba badala ya kulichoma. Lilikuwa na picha mia tatu na kumi na mbili, za rangi nyeusi na nyeupe, na nyuma yake hakuna hata neno moja. Dokta Mtarajiwa alitaka kuziweka zote mtandaoni juu ya ramani ya mji, kila picha mahali ilipopigwa, na majina ya waliomo. Aliyemtengenezea ramani hiyo alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa chuo, kijana mrefu mpole, nao wakamwita Fundi Ramani.

Mama Shii ndiye aliyezipitisha picha zote kwenye mashine, moja moja, kwa glavu za pamba. Siku alipofika namba themanini na nane, mkono wake ulisimama. Wasichana sita walikuwa wamepanga mstari mbele ya geti la shule, sare zimepigwa pasi. Wa nne kutoka kushoto alikuwa na bandeji gotini, na alicheka na jicho moja limefumbwa kwa jua.

"Mama, kuna tatizo?" Dokta Mtarajiwa aliuliza.

"Vumbi tu," akajibu, akaifuta picha isiyokuwa na vumbi, akaendelea na themanini na tisa.

Wa nne kutoka kushoto alikuwa dada yake.

Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, kwa homa ya siku sita. Mama Shii alikuwa na miaka minane. Baada ya msiba mama yao hakuweza kulisikia jina lile bila kuanguka kilio, kwa hiyo ndani ya nyumba likaacha kutajwa. Mtoto akilikaribia, shangazi anaweka kidole mdomoni. Shiii. Baadaye mama naye akaondoka, na shangazi akaondoka, na Mama Shii akaendelea kunyamaza, maana alishazoea. Hata mumewe alijua tu kwamba palikuwa na dada aliyetangulia. Hakuwahi kuambiwa anaitwa nani.

Ndipo chuo kikatangaza kamati. Kitengo cha mitihani kilikuwa kinatafuta ofisi, na kilikimezea mate kile chumba cha ghorofa ya pili. Kamati ya majengo ingefika Ijumaa, saa nne asubuhi, ijionee kama chumba kina faida au ni mahali pa kupigia soga. Mkutubi Mkuu hakuficha. "Tukishindwa Ijumaa, Jumatatu wanaleta makabati," akasema. Akaamua waonyeshwe kazi ya picha, kwa kuwa ndiyo iliyofika mbali.

Wiki hiyohiyo Mama Shii alikuwa na likizo ya siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano. Hospitali ya rufaa ilikuwa imempangia mumewe kupimwa na kuwekewa vifaa vya masikioni, baada ya kusubiri mwaka mzima. Akaenda naye. Kwa hiyo hakuwapo Dokta Mtarajiwa alipowaalika wastaafu wa mji waje kuzitazama picha, wala hakuona chumba kilivyofurika. Alikuja fundi cherehani mstaafu na muuguzi mstaafu. Alikuja Mzee wa Posta, aliyegawa barua kwa baiskeli miaka thelathini na mitatu na kuijua kila nyumba kwa mbwa wake. Wanafunzi waliokuwa wakipita wakaingia, wakamtambua babu, wakampigia mama simu, wakabishana. Mezani kila mtu alikuwa na lake; ukutani ndiko walikokubaliana. Wakikubaliana, mmoja anaandika: namba ya picha, mtaa, mwaka, majina. Siku tatu kioo kikajaa, wino wa bluu juu ya wa kijani, mishale ikivuka mishale. Msaidizi aliyeshika zamu ya Mama Shii alifunga mlango tu na kwenda zake. Alhamisi Fundi Ramani angeyaingiza yote kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja.

Alhamisi saa mbili kasoro robo, kabla hajafika mtu, Mama Shii alifungua mlango akashika kiuno. Viti vimepinduka, meza zimegeukiana migongo, na kioo! "Siku tatu tu nimeondoka," akasema peke yake, "wameshapageuza jalala." Akavua koti. Akaanza kona ya juu kushoto, kama siku zote, akashuka. Kitambaa kilifika kwenye mstari uliosema "88, wasichana sita, hawajulikani". Hapo alipunguza mwendo. Kisha akafuta.

Saa mbili na nusu Dokta Mtarajiwa akaingia na kikombe cha chai. Alikitazama kioo kilichong'aa, akakaa chini sakafuni na kikombe chake.

"Mama," akasema. "Pale palikuwa na majina."

"Nimefuta, mwanangu. Kwani hamkuyanakili?"

"Fundi alipiga picha. Si alipiga picha?"

Fundi Ramani, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akatoa macho. "Mimi? Nilijua wewe umepiga!"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakakumbuka kwa pamoja kuwa Mzee wa Posta alishinda siku tatu amenyanyua simu. Wakampigia. Akawatumia picha zake mara moja, kwa fahari. Zilikuwa kumi na nne, zote za uso wake, akitabasamu, na nyuma ya sikio lake la kulia pameonekana mistari miwili ya ukuta.

Mama Shii alisimama na kitambaa mkononi, na kitambaa kilikuwa na wino wa bluu na kijani. Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya kazi yake. Hakuna aliyemkemea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Dokta Mtarajiwa hakulia, aliuliza tu kwa sauti ndogo, "Watu walikuwa zaidi ya arobaini. Nitawapata wapi mpaka kesho?"

"Wengi ni wanafunzi," Fundi Ramani alisema. "Wiki ya mitihani hii, wako chini ukumbini. Tuma ujumbe kwenye kundi."

"Simu zao zimezimwa," akajibu Dokta Mtarajiwa, kisha akaishia hapo kwa adabu, maana aliyewazoesha watu kuzima simu ukumbini walikuwa wanamtazama.

Mama Shii akaweka kitambaa mezani. Akatoka. Walidhani amekwenda kulia chooni, wakamwacha. Kumbe ameteremka ngazi, amepita mlango wa vioo viwili, akaingia ukumbi wa kusomea, akasimama katikati penye nguzo. Vichwa mia mbili viliinamia vitabu. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia kurasa zikigeuzwa, kimya chake mwenyewe, alichokijenga miaka ishirini na sita. Akavuta pumzi hadi tumboni, akaita kwa ile sauti ya jikoni kwake, ile ya chai tayari.

"Nani alikuwa Sokoni juzi na jana?"

Penseli zilianguka. Msichana mmoja karibu na nguzo alipiga kelele kwa hofu. Kisha kutoka safu ya nyuma kabisa, mtu ambaye hadi leo hajulikani akasema, "Shiii!"

Ukumbi mzima ukalipuka. Walicheka mpaka wengine wakalaza vichwa juu ya meza. Mama Shii aliwaacha wacheke, masikio yake yanawaka, halafu akainua mkono. "Sikilizeni, wanangu. Nimefanya kosa. Nimefuta ukuta na majina yote yaliyokuwapo. Kesho saa nne kamati inakuja. Aliyesema neno lolote kuhusu picha yoyote, aliyeandika hata herufi moja, namwomba aje juu aliseme tena. Namwomba."

Hawakuwahi kumsikia akiomba. Mvulana mmoja akafunga kitabu, akainuka. Wakainuka wawili. Ngazi zikajaa miguu. Wengine hata hawakuwapo juzi, walikwenda tu kwa kuwa Mama Shii ameita. Mkutubi Mkuu alitoka ofisini kwake kuuliza kuna moto wapi, akakutana na msafara, akaufuata.

Siku ile hakuna aliyesomea mtihani ghorofa ya pili. Mama Shii mwenyewe alishika kalamu, maana alikuwa na mwandiko wa kadi za maktaba, wa herufi zilizosimama wima. "Mmoja mmoja," akawaambia, "lakini semeni kwa sauti." Akaandika mtaa wa mabohari, akaandika duka la baiskeli, akaandika harusi ya mwalimu mkuu na majina ya wasindikizaji tisa. Fundi Ramani safari hii aliingiza kila mstari papo hapo. Saa nane Mzee wa Posta akafika na muuguzi na fundi cherehani, amevaa tai, kwa kuwa alidhani kuna kamera.

"Mama, umenifutia kumbukumbu," akamwambia, "lakini bahati yako nina nyingine." Akaanza upya, akatia chumvi kidogo hapa na pale, muuguzi akamrekebisha. Kwa kusema mara ya pili wakakumbuka ambayo mara ya kwanza hawakuyakumbuka. Mambo ya mtaa wa kiwanda, uliokuwa mtupu kwenye ramani, yalijaza robo ya kioo.

Walipofika themanini na nane, Dokta Mtarajiwa akaiweka kwenye skrini kubwa. Kila mtu akaitazama. Mzee wa Posta akatikisa kichwa. "Shule naijua. Watoto siwajui."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mama Shii. Akaandika kwa herufi zake zilizosimama, "88, wasichana sita, hawajulikani", akageuka upande mwingine kutafuta kitambaa asichokihitaji.

Ijumaa saa nne kamati ikaja, watu watano na mwenyekiti wao, profesa mzee wa uhandisi aliyeishika saa yake mkononi kama mtu asiye na subira. Dokta Mtarajiwa alionyesha ramani. Alibonyeza mtaa, picha ikafunguka, na sauti ya Mzee wa Posta, iliyorekodiwa jana yake, ikaeleza. Wakatikisa vichwa vya kuridhika, lakini mwenyekiti akauliza lile swali la wagawaji wa vyumba.

"Hili ni zuri. Lakini kazi hii si mtu angeifanya peke yake, ofisini kwake, na kompyuta yake? Kwa nini chumba? Kwa nini makelele yote haya?"

Dokta Mtarajiwa akaanza kujibu kwa lugha ya vitabuni, akajikwaa. Profesa akatazama ukutani. "Kwa mfano hii, themanini na nane. Mmekaa humu watu zaidi ya arobaini, na bado haijulikani."

Chumba kikanyamaza. Mama Shii alikuwa mezani kwake karibu na mlango, na kimya kile alikitambua. Kilikuwa kile cha nyumbani kwao, cha kidole cha shangazi. Akakiona pia kinavyoiondoa kazi ya binti yule mikononi mwake, na akaona haya.

"Wa nne kutoka kushoto namjua," akasema.

Wakageuka wote.

"Ni dada yangu. Bandeji ile ni kwa ajili yangu. Alikuwa amenibeba mgongoni tunavuka mtaro, akateleza, akakubali kuanguka kwa goti ili mimi nisianguke. Nilikuwa na miaka mitano." Akasogea mpaka mbele ya kioo. "Nimeiona picha hii tangu miezi minne iliyopita, peke yangu, kwenye ile mashine. Peke yangu nisingesema, Profesa. Nisingesema mpaka nife. Jana nimewasikia wenzangu humu siku nzima wanawataja watu wao, ndiyo nimepata mdomo."

Akachukua kalamu. Akafuta kwa kidole neno "hawajulikani", na mahali pake akaandika jina la dada yake, herufi moja moja, wima. Muuguzi mstaafu, aliyekuwa amekuja na Mzee wa Posta kushuhudia, akalisoma kwa sauti. Akasogea karibu na skrini, akavaa miwani.

"Jamani! Basi huyu wa pili ni binti wa fundi saa. Walikuwa hawaachani hawa. Na huyu wa mwisho..."

Profesa akaweka saa yake mfukoni. Makabati ya kitengo cha mitihani yalipelekwa jengo jingine.

Saa kumi na moja jioni Mama Shii alirudisha meza kwenye mistari na kupanga viti kwa rangi. Alifika kwenye kioo na kitambaa kikavu, akafuta alama za vidole pembeni, akazunguka maandishi yote bila kuyagusa. Chumba kilionekana wazi kuwa watu walikuwamo. Akafunga mlango.

Nyumbani akaanza na "Nimerudi!" ya kawaida, na mumewe akaruka kitini, mikono masikioni. "Mke wangu, utaniua! Vifaa viko humu, nakusikia mpaka ukipumua."

Mama Shii akacheka, kisha akakaa kando yake, karibu. Akaanza kumsimulia habari za dada yake, tangu mwanzo, kwa jina lake. Alisimulia kwa sauti ya chini kabisa, na mumewe alisikia yote.